Hoja Huku, Tusi Kule

Asikudanganye mtu, hakuna mwanamke aliyempenda fundi cherehani akashiba usingizi. Seremala anapima mbao. Mwashi anapima ukuta. Huyu wa nguo anapima viuno, tena viuno vya watu, mchana kweupe, barazani, na mwenye kiuno anacheka.

Siku hiyo ya gulio Firdausi alisimama nyuma ya kaunta ya duka la vitenge la Shangazi Siti, mjini Kibondo, akikunja vitenge vilivyokwisha kukunjwa. Mikono ilikuwa ndani, macho yalikuwa nje. Pale barazani, mbele ya mlango wa duka, Mudathiri alikuwa ameizungusha futi kwenye kiuno cha Ininahazwe. Na huyo Mudathiri ndiye mchumba wake! Posa ilishaletwa, ikapokelewa, ndoa ilikuwa inangoja tu mavuno ya maharage yaishe. Sasa mchumba wa mtu ameinama, ameshika ncha mbili za futi, kichwa kimekaribia ubavu wa mwanamke mwingine, na anasema kwa ile sauti yake ya taratibu ambayo Firdausi aliamini ni mali yake peke yake:

"Vuta pumzi."

"Nimevuta."

"Haya, achia."

"Nikiachia si litanibana tena, fundi?" Ininahazwe akacheka.

Alikuwa na cheko zuri, hilo tusimdhulumu. Binti mrefu, mweusi wa kung'aa, muuza ugali wa muhogo na maharage karibu na stendi, na kila adhuhuri alipita barazani na hotpoti ya chakula cha fundi. Watu walimfupisha jina wakamwita Inina. Gauni lake la kijani lilikuwa limelala juu ya cherehani kwa mazoea, kama mgonjwa anayejua kitanda chake. Wiki iliyopita lilikuja kubanwa. Wiki ya kabla yake lilikuja kulegezwa. Na kabla ya hapo mshono wa ubavuni ulikuwa umeachia.

Firdausi akaweka kitenge chini, akatoka.

"Hujambo, Inina."

"Sijambo, dada. Habari za duka?"

"Za duka nzuri. Mimi nauliza za gauni."

"Limeachia tena ubavuni."

"Limeachia! Juzi lilikubana, leo limeachia. Mwenzangu, huo mwili au puto?"

Mudathiri akaikunja futi harakaharaka. "Dausi, huyu ni mteja."

"Najua ni mteja. Wateja hata mimi ninao, wako ndani. Hakuna hata mmoja aliyeleta nguo hiyohiyo kila wiki. Kitenge hiki nilikikata mimi mwenyewe, hakichaniki ovyo. Uzi ni wako, fundi, na uzi wako haukatiki ovyo. Sasa nani muongo hapa? Kitenge, uzi, au mwenye gauni?"

Wanawake watatu waliokuwa wanachagua vitenge wakasogea mlangoni. Mmoja akapiga kofi. "Hapo kweli!" akasema. Inina akatazama chini. Mpaka hapo Firdausi alikuwa anashinda, na laiti angefunga mdomo, sote tungekwenda zetu kula.

Lakini Inina akainua uso.

"Dada, kama kosa langu ni kuja, mbona hotpoti yangu hairudi na chakula? Mtu aliyeshibishwa kwake hali cha jirani."

Wale wanawake wakaguna, na safari hii waligunia upande wa pili. Firdausi hakujua kupika, mtaa mzima ulijua. Wali wake uliwahi kurudishwa msibani, na msibani watu hula chochote. Neno la Inina lilimchoma kwa sababu lilikuwa na ukweli ndani yake. Akatafuta hoja ya kulijibu, akaikosa. Na mtu akikosa hoja naye hataki kushindwa, ulimi hujiendea wenyewe kuokota chochote kilicho karibu.

"Nyamaza, mla mgao wewe!" Sauti yake ilivuka barabara. "Mmezoea kupanga foleni na masufuria kambini, mnapimiwa unga na maharage ya bure, sasa mnadhani na waume wanagawiwa! Unanuka mgao mpaka leo. Rudi kambini kwenu ukapange foleni, hapa hakuna mume wa msaada!"

Hata yule aliyepiga kofi aliipeleka mikono yake nyuma.

Inina alilichukua gauni lake juu ya cherehani, akalikunja vizuri, akasema, "Asante, dada," akaondoka polepole. Firdausi akageuka, akitegemea kumkuta Mudathiri ameinamisha kichwa kwa aibu ya kufumaniwa. Hakuwa ameinama. Alikuwa anamtazama yeye, tena kwa macho ambayo hakuwahi kumtazama nayo.

"Dausi," akasema. "Mgao huo mama yangu aliula."

Firdausi alijua. Mama Epifania, mama yake Mudathiri, alivuka mpaka kwa miguu akiwa msichana, akakulia katika kambi ya wakimbizi kabla hajaolewa na marehemu Abdulrahmani wa Murungu na kuwa raia kama raia wengine. Mudathiri ndiye aliyemwambia, kwa sauti ya chini, siku aliyomletea kitenge cha uchumba. Kilikuwa cha zambarau chenye ndege wa dhahabu, na alikisafiria mpaka Kasulu ili asije akamnunulia mchumba wake zawadi kwenye duka la shangazi yake mwenyewe. Siku hiyo alimwambia habari za mama yake, naye Firdausi alimshika mkono. Leo wivu ulimsahaulisha yote.

"Sikumaanisha mama," akasema.

"Ulimaanisha nani? Foleni ilikuwa moja."

Akafunika cherehani, akaenda zake, na jua bado lilikuwa juu.

*

Inina alipeleka shauri kwa mwenyekiti wa mtaa, Mzee Evaristi. Habari zilipofika dukani, Shangazi Siti hakushtuka hata kidogo. Yeye ni mzaliwa wa Ujiji, na kwa mambo ya maneno ya watu alikuwa mzoefu kuliko hata kwa biashara yake.

"Sikiliza, mwanangu," akamwambia Firdausi. "Lile neno halikutoka."

"Lilitoka, Shangazi."

"Halikutoka! Ulimwambia 'nenda zako', basi. Wale wateja wangu watatu watasema hivyohivyo, nimeshaongea nao. Neno lisilo na shahidi ni upepo."

"Na Mudathiri?"

"Mudathiri ni mumeo mtarajiwa. Mwanamume mwenye akili hamtolei ushahidi mwanamke wa njiani dhidi ya wake." Akashusha sauti. "Halafu kuna jambo hulijui. Yule binti hana mama. Atakayesimama naye kama mzazi ni mama mkwe wako, Epifania. Ni majirani huko Murungu. Ameambiwa kuna ugomvi wa gauni, hajaambiwa neno. Akilisikia kutoka kwako, ndoa hiyo isahau. Umenielewa?"

Firdausi alielewa.

Kesho yake asubuhi, siku moja kabla ya shauri, Mudathiri alipita kuchukua mkasi wake. Firdausi akamngoja penye mlango wa nyuma, ameshika mkasi wenyewe.

"Utasema nini huko?"

"Nipe mkasi, Dausi."

"Utasema nini?"

"Nikiulizwa nitasema nilichosikia."

"Kwa ajili yake."

"Kwa ajili ya ukweli."

"Ahaa! Ukweli siku hizi una kiuno chembamba!"

Mudathiri karibu acheke. Firdausi aliuona mdomo ukicheza, akatamani kuurukia ule mdomo kabla haujakaza tena. Ukakaza.

"Unajua nilipokupendea?" akamwuliza. "Ni hapo hapo, kwenye mdomo. Unaongea mpaka mteja ananunua asichotaka na anaondoka anacheka. Tusi naweza kukusamehe, Dausi. Ulikuwa na hasira. Ila ukisimama mbele ya mama yangu ukaapa kwamba hukusema, nitalala vipi na mtu wa namna hiyo nyumba moja?"

"Na wewe ukisimama mbele ya watu upande wake, mimi nitaishi vipi mji huu? Watasema fundi amechagua. Nami nitakuwa wa kwanza kusema."

"Hapo hakuna kuchagua wanawake."

"Kwako hakuna. Kwangu kupo. Ukifungua mdomo kwa ajili ya Inina, Mudathiri, nitajua pa kukuweka."

Akampa mkasi. Vidole vyao viligusana, na hakuna aliyevitoa kwanza. Mwisho alivitoa yeye Mudathiri.

*

Mzee Evaristi ana utaratibu wake, na mtaani wanaujua. Ofisini kwake kuna mabenchi mawili, moja kulia, moja kushoto. Mashauri ya kugombana kwa maneno huyatenga: hoja huku, tusi kule. Ukiwa na la kulalamika ambalo ni kweli, utalisemea benchi la kulia. Ukiwa umetukana, utakwenda kulirudia tusi lako benchi la kushoto, lilivyo, neno kwa neno, mbele ya watu wazima, kwa macho makavu. Hakubali mtu aseme "alinitukana" halafu akanyamaza. "Matusi mengi," husema, "mwenyewe akiyarudia ameshapoa, huona aibu kuyafikisha mwisho."

Asubuhi hiyo Firdausi alijifunga kile kitenge cha zambarau mabegani. Hakuwahi kukivaa, hakikuwa kimeguswa na maji. Alikivaa ili Inina akione. Msimcheke, nanyi mngefanya hivyohivyo.

Mama Epifania alikuwa ameshafika, amekaa karibu na Inina, amejitanda kitenge kikuukuu kilichopauka mpaka maua yake hayajulikani. Firdausi akapiga magoti, akapiga makofi taratibu kama alivyofundishwa na Mudathiri, akamwamkia kwa Kiha.

"Mwakeye, Mama."

"Mwakeye, mwana wanje! Amahoro?"

"Amahoro, Mama."

"Wa nyumbani? Shangazi? Biashara? Umekonda, au ni mawazo ya harusi?" Yule mama akamshika mikono yote miwili, akaipapasa mpaka kwenye viwiko, akaendelea kuuliza, makofi na maswali, maswali na makofi, maana salamu ya Waha haikatwi njiani. Kila jibu la Firdausi lilikuwa dogo kuliko lililotangulia. Mkono ule ulikuwa wa joto, na ulikuwa haujui kitu.

"Haya," Mzee Evaristi akasema. "Ininahazwe, umeleta shauri la kutukanwa. Rudia ulichoambiwa."

Inina akasimama. Akamtazama Mama Epifania, akamtazama mwenyekiti.

"Siwezi, Mzee."

"Utaratibu unaujua. Lisiposemwa, halipo."

"Naujua. Lakini neno lenyewe likisemwa hapa litamwumiza mtu ambaye hakuwepo. Mimi lilishaniumiza, yatosha."

Watu wakanong'ona. Shangazi Siti alijitengeneza ushungi kama mtu aliyemaliza kazi. Wale wateja watatu wakasimama mmojammoja. Wa kwanza alisema alisikia "nenda zako". Wa pili naye "nenda zako". Wa tatu, yule aliyepiga kofi, alisema "nenda zako" huku akitazama dari.

"Firdausi?"

"Waliyosema ndiyo hayo," Firdausi akasema, na hakumtazama mtu.

"Basi amebaki fundi. Mudathiri, ulikuwa umbali gani?"

"Nilikuwa hapohapo, Mzee."

"Ulisikia nini?"

Mudathiri akasimama. Firdausi akakishika kitenge chake kwa vidole vyote. Alijiambia, akinitazama mimi nitapona. Aangalie huku tu. Mudathiri hakuangalia huku. Alimwangalia Inina, na Inina, polepole, akatikisa kichwa: usiseme. Kisha wote wawili kwa pamoja wakamtazama Mama Epifania.

Jambo lilikuwa hilo tu, mtazamo mmoja. Lakini Firdausi aliuona wote. Aliona watu wawili wanaelewana bila kufungua mdomo, wanamkinga mama mmoja kwa pamoja, kama mume na mke wanavyomkinga mzee wao. Aliona kwamba upande ule kulikuwa na familia, na kwamba yeye ndiye aliyekuwa nje, amevaa ndege wa dhahabu. Futi kiunoni alikuwa ameivumilia. Hotpoti alikuwa ameivumilia. Hili lilimshinda.

"Kaa chini, fundi!" akapiga kelele. "Kaa! Usimwangalie! Nitasema mwenyewe!"

"Firdausi!" Shangazi Siti akaruka.

"Niache, Shangazi. Bora nilitoe mimi kuliko hawa wawili walifiche pamoja. Sitaki wawe na siri moja!"

Akaenda benchi la kushoto. Hakukaa. Na pale, macho makavu, mbele ya watu wazima, akalirudia. Mla mgao. Foleni na masufuria. Alipofika "unanuka mgao mpaka leo" sauti ilianza kumpotea, na Mzee Evaristi akasema, "Lifikishe mwisho." Akalifikisha. Rudi kambini. Mume wa msaada. Lilikuwa refu kuliko alivyolikumbuka.

Mikono ya Mama Epifania iliyokuwa magotini ilipinduka tu, viganja juu, ikatulia.

"Hilo ni tusi," Mzee Evaristi akasema. "Sasa njoo kulia. Hoja unayo?"

Firdausi akavuka. "Ninayo. Gauni haliachii uzi kila wiki. Alikuwa anamtaka mchumba wangu."

"Ininahazwe?"

Inina akaja naye benchi la kulia, akasimama karibu na Firdausi mpaka mabega yakakaribia kugusana.

"Ni kweli. Nilikuwa nafumua mwenyewe, kwa wembe. Nikifika nyumbani nafumua, nikikosa pa kufumua naomba abane. Sikumwambia kitu, Mzee. Nilitaka tu anipime." Machozi yakamtoka, akayafuta kwa kiganja kwa hasira. "Najua ana mtu. Moyo hauombi ruhusa."

"Fundi, wewe ulijua?"

Mudathiri akakuna shingo. "Uzi uliokatika na uzi uliokatwa ni vitu viwili, Mzee. Nilijua."

"Ulijua!" Firdausi akageuka kama moto. "Ulijua, ukaendelea kuzungusha futi?"

"Nilimwonea haya. Kumwambia ningemwaibisha."

"Na hotpoti nayo uliionea haya?"

"Hotpoti..." Mudathiri akatazama chini. "Ilikuwa tamu, Dausi. Hapo nimekosa."

Watu wakacheka, hata mwenyekiti. Firdausi hakucheka, Inina hakucheka. Wanawake wale wawili walitazamana kwa mara ya kwanza bila tusi wala gauni katikati, na kila mmoja akamwona mwenzake amechoka.

"Sikilizeni," Mzee Evaristi akasema. "Firdausi, hoja yako ilikuwa nzima. Ungeishia kwenye uzi, leo faini ingemwangukia Ininahazwe. Lakini mboga nzuri ukiitia mchanga, nani ataila? Wewe fundi, siku nyingine ukiona uzi umekatwa kwa wembe, sema, usingoje wanawake wachaniane. Na nyie watatu mliokuja kuapa 'nenda zako', nendeni zenu. Tusi litafutwa kwa kitenge. Kipya, leo, hapahapa, na mtukanaji atamtandazia aliyetukanwa mabegani kwa mkono wake mwenyewe."

Firdausi akamgeukia shangazi yake. "Shangazi, nitoe kimoja dukani."

"Dukani kwangu?" Shangazi Siti alikuwa ameshasimama. "Nimekuokoa, umejitumbukiza mwenyewe. Umeniaibisha mimi na mashahidi wangu. Hakuna hata uzi utakaotoka dukani kwangu!" Akatoka, na kanzu yake ya maua ikapita mlangoni kwa kishindo.

Kitenge kipya kilikuwa kimoja tu mle ofisini, na kila mtu alikuwa anakitazama.

"Dausi," Mudathiri akasema polepole. "Ngoja nikakope mahali."

"Kosa langu usilikopee."

Akafungua fundo. Akakitoa mabegani kile kitenge cha zambarau, cha Kasulu, cha uchumba, ambacho maji hayajakigusa. Alimwendea Inina, akanyanyua mikono, maana yule ni mrefu, akamtandazia. Ndege wa dhahabu wakakaa kwenye mabega yale kana kwamba walichorwa kwa ajili yake. Hilo ndilo lililomuua. Laiti kisingempendeza!

"Nisamehe, Inina. Kwa tusi. Kwa hoja, hapana."

"Nimekusamehe, dada." Inina akakigusa kitenge, akaelewa kilikuwa nini, macho yakamjaa. "Na mimi gauni sitalileta tena."

Firdausi akabaki na gauni lake jembamba, mabega wazi. Hapo ndipo Mama Epifania aliponyanyuka. Alitembea taratibu mpaka mbele yake. Firdausi akapiga magoti, akapiga makofi, lakini salamu haikutoka.

"Nyanyuka," Mama Epifania akasema.

Akanyanyuka. Yule mama akajivua kile kitenge chake kikuukuu, akamtandazia mabegani, akamfunga fundo kifuani na kulivuta likaze.

"Mkwe wangu hatembei mjini mabega wazi. Hiki nilipewa kambini, siku niliyofika sina nguo. Nilipanga foleni kukipata. Kivae mpaka nyumbani, upite nacho mbele ya duka, upite nacho stendi. Ukifika uniambie kama kinanuka."

"Mama..."

"Sijasema sijaumia, mwana wanje. Nimeumia. Lakini umelisema mbele yangu. Wengine hulisema wakishanipa mgongo." Akamshika viwiko, akavibonyeza. "Halafu utakuja Murungu nikufundishe kupika. Mwanangu asile tena kwa watu."

Walitoka nje. Mudathiri alitembea kando ya Firdausi, hatua moja mbali, na hakuna aliyejua bado kama hatua hiyo itapungua au itabaki. Mbele yao barabara ilishuka kuelekea stendi, na Inina alikuwa anashuka nayo, shingo ndefu, ndege wa dhahabu wakimeta juani. Watu waligeuka kumtazama. Kisha waligeuka kumtazama Firdausi na kile kitambaa kilichopauka.

Aliinua ncha yake, akainusa kwa siri. Ilinuka sabuni ya mche na moshi wa kuni. Nguo za marehemu mama yake zilikuwa na harufu hiyohiyo.

Akamwona Mudathiri anaangalia mbele.

"Kimempendeza," Firdausi akasema. "Sivyo?"

Mudathiri akajibu kama mtu aliyeamua kutodanganya tena hata kwa huruma. "Kimempendeza."

Firdausi alikuwa na neno. Alikuwa nalo, tena kali, limeshafika kwenye ncha ya ulimi, na lingewachekesha wapita njia wote mpaka stendi. Akalimeza. Lilishuka taratibu, kwa maumivu, kama tonge la ugali uliopoa.

"Kweli," akasema. "Kimempendeza."

Mudathiri akamtazama. Ile hatua moja ikapungua.